Modeli ya stesheni ya Voi, skeli 1:87: mabehewa yanaruka reli kwenye kiungo cha mbao

Mlinzi_wa_Geti

Wakuu, salaam. Najenga modeli ya stesheni ya Voi ya mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za East African Railways and Harbours, treni za Mombasa–Nairobi zikivutwa na Garratt (injini kubwa za mvuke zenye viungo) za daraja la 59 na tawi la Taveta na Moshi likianzia hapo hapo. Skeli 1:87, njia ya mm 12 kati ya reli na reli. Mbao za kubebea modeli ni mbili, kila moja mm 1200 × 500, juu plaiwudi ya mm 9, zinafungwa kwa bolti mbili za M8 na nati za masikio.

Tatizo: kila mbao zikifunguliwa na kufungwa upya, mabehewa ya bogi (vigari vya magurudumu manne vinavyogeuka chini ya behewa) yanaruka reli. Mara kwenye kiungo chenyewe, mara kwenye swichi ya kwanza (pale njia inapogawanyika) iliyo mm 90 mbele yake. Modeli inatakiwa kwenye maonyesho hapa Uingereza mwezi Machi, kwa hiyo itafungwa na kufunguliwa sana.

Pia naomba ushauri kuhusu mambo mawili. Je, mm 12 ni sahihi kwa geji ya mita, yaani reli zilizoachana mm 1,000, au nibadilishe mapema? Na ule udongo mwekundu wa Voi mnaupataje?

Taruma

Karibu mkuu. Naanza na geji kwa kuwa jibu lake ni fupi.

Gawanya mm 1,000 kwa 87, unapata mm 11.5. Njia yako ya mm 12 basi inawakilisha mm 1,044, imezidi kwa asilimia 4 na kidogo. Jicho haliwezi kuona hilo. Waingereza wengi wanajenga OO, yaani 1:76 juu ya njia ya mm 16.5, ambayo imepungua kwa zaidi ya asilimia 12 ukilinganisha na mm 1,435 ya kweli. Wewe uko mahali pazuri. Usihamie 1:76 na njia hiyo hiyo: mm 12 itakuwa futi tatu kamili (mm 914), na mabehewa yataonekana mapana kupita kiasi juu ya reli.

Angalizo moja. Tangu Hornby walete TT:120 mwaka 2022, njia ya mm 12 imejaa madukani na inavutia kununua. Geji ni ile ile, ila mataruma yake (vipande vinavyolala chini ya reli) yamepimwa kwa reli ya mm 1,435 katika skeli ya 1:120, kwa hiyo kwako yatakuwa mafupi, membamba na yamebanana. Chukua iliyoandikwa HOm, yaani geji ya mita kwa 1:87, mfano Peco SL-1400 au ya Tillig.

Kabla ya kununua Garratt yoyote, ya kuchapishwa kwa 3D au ya bati la kukatwa kwa asidi, ipime kwa kalipa. Daraja la 59 lina urefu wa mita 31.7, kwa hiyo modeli iwe takriban mm 365 kutoka mwisho hadi mwisho, na magurudumu ya kuendesha yawe mm 15.8. Ikikupa mm 380 usiichukue, hata iwe na riveti nzuri namna gani. Rangi utairekebisha wakati wowote. Urefu hutaurekebisha.

FundiWaMakupa

Kiungo sasa. Bolti zako zinafanya kazi mbili wakati zinaweza moja tu. Bolti ya M8 ndani ya tundu la mm 8.5 au 9 inacheza, na kadiri plaiwudi inavyolika tundu linazidi kupanuka. Bolti ni ya kuvuta mbao zikumbatiane. Kulenga ni kazi ya kitu kingine. Kichwa cha reli ya kodi 75 (kimo cha inchi 0.075) kina upana usiofika mm 1, kwa hiyo ubao ukihama nusu milimita tu umeshapoteza zaidi ya nusu ya reli.

Unachohitaji ni pini za shaba za kulenga, dume na jike, zile wanazotumia mafundi wa kutengeneza kalibu. Jozi mbili zinatosha, zikae mbali iwezekanavyo, kwako karibu mm 400 kati yake. Panga mbao juu ya meza iliyonyooka, weka rula ya chuma juu ya reli, kisha zibane kwa klampu hadi zisitikisike. Toboa tundu la mm 3 kupitia mbao zote mbili za mwisho, zile za wima zinazokutana kwenye kiungo, kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo usahihi wote ulipo: ukitoboa ubao mmoja halafu ukapima wa pili, umerudi ulikotoka. Fungua, panua kila tundu kwa kipimo cha pini kutokea upande wa nje, tia epoksi na skrubu. Paka dume Vaseline kabla ya kufunga tena ili epoksi isigandishe dume na jike pamoja. Baada ya hapo panua matundu ya bolti yafike mm 10, zisije zikashindana na pini.

Halafu miisho ya reli. Mataruma ya plastiki hayawezi kushikilia reli pembeni mwa ubao, mkono ukigusa mara mbili tatu imeshapinda. Ng'oa matatu ya mwisho kila upande, weka vipande vya bodi ya saketi yenye ngozi ya shaba, unene ulingane na mataruma yako. Gundi kwa epoksi, ongeza skrubu ndogo ya shaba. Piga tupa mstari katikati ya ngozi ya shaba, kati ya reli na reli, la sivyo umeme utapiga shoti. Sasa, mbao zikiwa zimefungwa kwa pini na bolti, lehemu reli moja nzima ipite juu ya kiungo bila kukatika. Acha ipoe. Kata kwa diski nyembamba ya mm 0.5 pale pale mbao zinapokutana, ondoa makali ya kona za ndani kwa tupa laini, basi. Usikate kwanza ndipo ulehemu, kwa sababu joto litasogeza ncha moja na hutagundua hadi treni ipite.

Swichi yako iko karibu mno. Bogi inapogonga ncha ya reli, gurudumu moja linapanda juu ya reli na kuendelea hivyo hivyo, halianguki hapo. Linaanguka linapofika kwenye moyo wa swichi, pale reli mbili zinapokatana, na mtu anailaumu swichi ambayo haina kosa. Sogeza swichi iwe angalau mm 250 kutoka kiungo, yaani zaidi ya urefu wa behewa, na njia ivuke kiungo ikiwa imenyooka, kwa pembe mraba.

Kagua na magurudumu. Nafasi kati ya migongo ya magurudumu ipimwe kwa kifaa cha geji ya mm 12. Cha mm 16.5 hakifai hapa hata kidogo. Bogi moja iweze kugeuka tu, nyingine iweze kugeuka na kuyumba kidogo upande kwa upande, ndipo magurudumu yote manane yatagusa reli. Uzito nao: kanuni ya NMRA (chama cha wajenzi wa modeli za reli cha Marekani) kwa HO, yaani 1:87, ni aunsi 1 pamoja na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la mm 150 basi liwe karibu gramu 113, na uzito ukae chini, sakafuni.

Kokoto

Nyongeza kwa fundi. Ukumbi wa maonyesho asubuhi ni baridi, mchana watu wakijaa na taa zikiwaka joto linapanda. Reli ya nikeli-silva yenye urefu wa mita 1.2 inaongezeka karibu mm 0.4 joto likipanda nyuzi 20. Kama umeilehemu pande zote mbili na haina pa kupumulia, itapinda au itang'oa risasi ya kulehemu. Acha mwanya wa nusu milimita katikati ya ubao, waya ukiruka juu yake. Plaiwudi ipake vanishi pande zote mbili na kwenye kingo. Ukipaka juu tu, unyevu utaingia kwa chini na ubao utajikunja.

Kuhusu udongo, usibebe kutoka Kenya kwenye begi. Uingereza hairuhusu udongo kutoka huko kuingia bila leseni. Tengeneza wa kwako: unga wa grauti ya vigae, rangi ya unga ya kahawia-nyekundu, na vumbi la tofali lililochujwa kwa kitambaa cha soksi ya nailoni. Ufanye mwepesi kuliko unavyoukumbuka. Rangi kamili ya Tsavo juu ya ubao wa nusu mita inaonekana nzito kama damu. Na usiache kwenye ardhi tu, vumbi lile lipande kwenye mataruma, kwenye bogi na theluthi ya chini ya kuta za mabehewa, maana ndivyo linavyokaa kule.

Walioko Kenya wanaotumia udongo halisi: ukaushe, uchuje, kisha pitisha sumaku iliyofungwa kwa karatasi mara kadhaa. Utaona chembe nyeusi zimejishika kwenye karatasi kama ndevu fupi. Hizo ndizo zinazoingia kwenye mota ya injini na kuila.

Mlinzi_wa_Geti

Nashukuru sana wakuu, sasa naelewa kwa nini swichi ilikuwa inasingiziwa. Nina ndugu Nairobi anayeweza kufika makumbusho ya reli. Nimwagize apime nini?

Kokoto

Makumbusho ya reli ya Nairobi yana Garratt mbili za daraja la 59: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Urefu na magurudumu vinajulikana, asipoteze muda huko. Apime visivyopatikana kwenye michoro: kimo cha ngazi kutoka reli, ukubwa wa vibao vya jina, nafasi ya vishikio, mabomba yanavyopita chini ya boila. Asimamishe kijiti kilichochorwa alama kila mm 100 kando ya kitu, kisha apige picha akiwa amesimama mbali, sambamba nacho, akivuta kwa zumu. Picha ya karibu inapindisha kila mstari. Rangi asichukue hapo, ni ya kupakwa upya na jua limeigusa. Wewe anza na maruni iliyokolea, uchanganye nyeupe kidogo.

Taruma

Kabla ya Machi nenda kwanza kama mtazamaji. Yapo maonyesho makubwa ya jumla, ila kwako Expo Narrow Gauge ya Kent ina faida zaidi, maana wote pale wanahangaika na reli nyembamba kama wewe. Usiishie mbele. Omba kwa adabu kuona nyuma: waya zimefungwaje, yadi ya kujificha (njia za nyuma treni zinaposubiri) inapangaje treni, miguu ya mbao inasawazishwa kwa kutumia nini. Ukipata nafasi fika na makumbusho ya modeli ya Pendon, Oxfordshire, uangalie majengo. Pale kila nyumba ilipimwa kwa iliyopo au iliyowahi kuwepo.

Siku yako ikifika, safisha reli kwa pombe ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Msasa usiuguse, mikwaruzo inakusanya uchafu haraka. Chukua transfoma ya akiba, kipande cha kila aina ya waya uliotumia, chuma cha kulehemu, na jozi moja ya ziada ya magurudumu. Waandaaji wengi wa Uingereza watakudai cheti cha ukaguzi wa umeme kwa kila kifaa chenye plagi, kitafute mapema.

Mlinzi_wa_Geti

Sawa mkuu. Swali la mwisho kwa Fundi: mbao za mwisho ni plaiwudi ya mm 9 pia. Zitabeba pini?

FundiWaMakupa

Hazitoshi, skrubu za pini zitachomoza upande wa pili. Gundisha kipande kingine cha mm 9 kwa ndani, ifike mm 18, kwa gundi ya mbao na klampu usiku kucha. Ndipo utoboe.