Nani amebadilisha jina la kiwanja chetu ndani ya mashini?

Ndugu zangu wa Lubumbashi,

Nimetoka kwenye ofisi moja ya ardhi ya mji huu, na hasira bado haijanishuka. Marehemu baba alituachia kiwanja Katuba pamoja na cheti chake cha usajili, chenye mihuri na sahihi zote. Leo karani ameangalia mashini yake, yaani kompyuta, akaniambia kwamba mle ndani kiwanja hicho kina jina la mtu mwingine. Nikaomba kuona. Hakugeuza skrini. Nikauliza ni nani aliyebadilisha jina na lini; akajibu kwamba yeye hawezi kujua, kwa kuwa neno la siri liko kwa mkuu wake, na mkuu hapokei watu hivi hivi.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitaka cheti hicho kiwe na nakala mbili, moja ibaki katika kitabu cha ofisi na nyingine akabidhiwe mwenye mali, hivi kwamba ofisi ikigeuza neno, karatasi iliyo mikononi mwangu iisute. Leo nakala yangu wanaitazama kama noti ya zaire, ile fedha yetu ya zamani isiyonunua kitu tena.

Makarani wa zamani hawakuwa malaika, matabishi, yaani rushwa, yalitembea mchana kweupe; lakini uliweza kumbana karani mbele ya kitabu kilichofunguliwa, ukamwonyesha mstari uliokwanguliwa kwa wembe. Sasa karani mwenyewe amenyang'anywa madaraka, amebaki kusoma anachokiona, na uamuzi umepanda ghorofani pamoja na matabishi yake.

Mnaosema mashini haidanganyi, tazameni Uingereza: kati ya 1999 na 2015 wasimamizi zaidi ya 900 wa posta ndogo walitiwa hatiani, wengi wao kwa sababu programu ya hesabu iitwayo Horizon ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Mahakama ziliamini mashini, na sheria ya kufuta hukumu hizo kwa wingi ilipitishwa mwaka 2024.

Sidai turudi kwenye vitabu vya kuliwa na mchwa. Nadai kila badiliko kwenye faili la kiwanja libaki na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu, na mwenye kiwanja apewe hayo yote kwa maandishi yenye muhuri. Wenzangu wa komini za mji wetu, Ruashi, Kampemba na Kenya, mliokwisha kuambiwa kwamba mashini inakataa, semeni hapa: mlipewa karatasi yoyote, au ni maneno ya mdomo tu?