Naomba ushauri: mwanamke peke yangu, kutoka Singida hadi miji ya kale ya pwani

Mwl_Singida

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa Historia wa sekondari, huu ni mwaka wa 14. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa naandika ubaoni: Kilwa, dhahabu ya Sofala, Ibn Battuta 1331, Wareno 1505. Nafuta, mwakani naandika tena. Muhula uliopita mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na sasa hivi huko Kilwa Kisiwani wanaishi watu?" Nikasema ndiyo. Moyoni nilijua nimebahatisha. Sijawahi kufika. Bahari yenyewe nimeiona mara mbili tu, zote Dar, nilipokwenda kuuguza.

Kikoba chetu tunavunja Mei, nitapata kama milioni moja na laki nne. Likizo ya Juni nina siku 21. Nimepanga hivi: Kilwa usiku mmoja, Bagamoyo, Unguja, Mombasa, Gedi, Malindi, Lamu siku mbili, kisha nyumbani. Peke yangu.

Kinachonikwamisha ni mama. Kila nikimweleza ananiuliza, "Unakwenda kwa nani?" Kwetu mtu husafiri kwa msiba, harusi, mgonjwa au biashara. Nikisema siendi kwa mtu, ananitazama kama ninayemficha jambo. Ni mjane, nina miaka 43, na swali hilo bado sina jibu lake.

Naomba ushauri wa njia, wa usalama, na wa namna ya kuzungumza na mama.

Fundi_Msingi

Mwalimu, heshima yako. Nitasema kama kaka. Hela hiyo ni saruji na nondo za kuanzia msingi. Magofu yana miaka 700, hayaendi popote. Jenga kwanza, utayakuta.

Nahodha_Kusini

Fundi, nakuelewa, ila kwamba hayaendi popote si kweli. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani, ziliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka na bahari inakula ufukwe. Zimetoka kwenye orodha hiyo 2014 baada ya kazi kubwa ya kukarabati. Unguja nako, sehemu ya Beit el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliporomoka Desemba 2020, nyumba iliyosimama tangu enzi za Sultani Sayyid Barghash. Aliyesema ataiona mwakani ameikosa.

Sasa dada Mwalimu, nikuambie kwetu. Basi la Kilwa Masoko unalipata Mbagala, Dar. Ukifika Masoko, kabla ya kuvuka kwenda Kisiwani unapita ofisi ya mambo ya kale, unalipia kibali na unapewa mwongozaji. Usikubali mtu akuvushe kimyakimya bila kibali.

Juni ni kusi, msimu wa upepo wa kusini. Asubuhi bahari inakuwa tulivu kidogo, baada ya adhuhuri upepo unapanda na mashua inarusha maji mpaka kwenye nguo. Vuka saa moja asubuhi. Kinywaji na chakula beba mwenyewe. Na usije masika: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara pale Somanga, watu wakalala njiani.

Lakini usiku mmoja, Mwalimu? Ukiingia Msikiti Mkuu ukasimama chini ya zile kuba, utataka kukaa tu. Halafu uende Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, juu ya jabali, na birika lake la kuogea la pembe nane. Yule Ibn Battuta unayemwandika ubaoni alimkuta huyo huyo sultani. Bado kuna Gereza, yaani ngome ya zamani, pale ufukoni. Bado Songo Mnara, ambako mashua haifiki nchi kavu, unashuka unatembea kwenye maji katikati ya mikoko. Weka usiku nne.

Mpitanjia_Dada

Mwalimu, nimesafiri peke yangu mara tatu. Nilianza kama wewe, na woga ule ule.

Niliwahi kwenda Bagamoyo na basi la watu arobaini. Tuliona Ngome Kongwe, tukaona misheni ya mwaka 1868 ambako mwili wa Livingstone ulipitishwa, tukapiga picha, tukarudi. Sikuzungumza na mtu hata mmoja wa Bagamoyo. Miaka miwili baadaye nikaenda peke yangu. Nikatembea hadi magofu ya Kaole, kama kilomita tano, na njiani mama mmoja akaniita kivulini, akanipa maji, akaniuliza: umetoka kwa nani, unakwenda kwa nani? Yaani lile lile la mama yako. Nikajibu sina mtu hapa. Akasema, basi ukirudi pitia kwangu. Nilirudi nikamkuta ameniwekea samaki na wali.

Kwa hiyo mama yako hajakosea kuuliza. Fanya hivi: kabla hujaondoka, tafuta jina la mtu katika kila mji. Mwenye nyumba ya wageni, mwalimu mwenzio, mke wa imamu, yeyote. Mpigie simu umsikie sauti, kisha mpe mama majina na namba kwenye karatasi. Usimwambie unakwenda kutalii. Mwambie unakwenda kwa fulani, na iwe kweli.

Bandarini Dar, tiketi ya boti kata dirishani tu. Mimi nilimfuata kijana aliyevaa kitambulisho shingoni, nikalipa mara mbili. Hela gawa sehemu tatu, nyingine ibaki kwenye simu. Ukifika mji mgeni, fika mchana.

BintiMvita

Karibu Mombasa, dadangu. Kuvuka Horohoro utahitaji pasi au hati ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano usiiache.

Fort Jesus ingia mapema kabla jua halijawa kali. Wareno waliianza 1593, na Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo ikaanguka. Wewe unayajua hayo, lakini hujajua ukubwa wa ule ukuta mpaka uweke kiganja chako juu yake. Ukitoka, usikimbilie matatu. Ingia Mji wa Kale, upite Msikiti wa Mandhry, unywe kahawa chungu kwa kashata.

Gedi ndiyo nakuombea usiikose. Iko msituni, tumbili juu ya kuta, visima, vyoo vya ndani, na mji wote umenyamaza. Watu waliuhama kufikia karne ya 17. Imeingia urithi wa dunia mwaka 2024. Malindi pita tu, nguzo ya Vasco da Gama utaiona kwa nusu saa.

Mwanaamu

Mwalimu, mimi ni wa Lamu na naumia kukwambia hivi: safari hii usije. Umetubakizia siku mbili. Njia ya basi kutoka Mombasa ni ndefu, hupitwa mchana, na hali yake ya usalama lazima uiulizie kwanza. Ufike umechoka, ulale, urudi? Amu, ndiyo Lamu yetu, haitembelewi hivyo. Njoo mwakani, tena wakati wa Maulidi, ukae wiki. Nitakupokea jetini Mokowe mwenyewe. Utasikia tunakwambia "ndoo", usitafute chombo cha maji, ni njoo.

Mpe mama yako jina langu. Nimekutumia namba faraghani.

Mwl_Singida

Wapendwa, naandika kutoka Kilwa Masoko, usiku wa tatu. Lamu nimeiondoa, Malindi nimeiondoa.

Mama nilimpa karatasi yenye majina matano. Aliisoma yote, akauliza huyu wa Kilwa ana watoto wangapi. Sikujua. Akanituma nimuulize. (Ana sita.)

Fundi, ushauri wako sikuudharau, kikoba kijacho ni msingi.

Jana nilivuka saa moja kama nilivyoelekezwa. Kutoka Msikiti Mkuu unaona nyumba za udongo, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha kuta za matumbawe, na mama mmoja anaanua nguo. Nikamwambia mimi ni mwalimu, mwanafunzi wangu ameuliza kama mnaishi watu hapa. Akaacha nguo. Akanionyesha kisima anachoteka, kaburi la bibi yake, na mahali alipozaliwa. Akasema, mwambie huyo mtoto tupo, tena na yeye aje.

Nimeandika maneno yake kwenye daftari la maandalio ya somo. Kesho naenda Songo Mnara. Nahodha, viatu vya plastiki vinatosha kwenye ile mikoko, au nivue?

Nahodha_Kusini

Vaa, usivue. Kuna chaza, wanakata.