Tupeane uzoefu: kuchapa kitabu cha katuni za mtandaoni kwa fedha za wasomaji

Penseli_HB
Wakuu, uzi huu ni wa wachoraji ambao katuni zao ziko kwenye simu za watu na sasa wasomaji wanadai kitabu. Ombi moja: hadithi za "nilivyoteseka" tuziache, tutoe vipimo, hesabu na yanayoharibika. Ili tusipishane, tutumie mfano mmoja: saizi A5, kurasa 128, nakala 500, ndani nyeusi tupu (wino mweusi peke yake), jalada la rangi.

Bi Kurasa
Kabla ya kutaja hela, angalia faili. Katuni ya kusogeza kwa kidole mara nyingi huwa na upana wa pikseli 800. Ukiitandaza kwenye A5, upana milimita 148, unapata nukta 137 hivi kwa inchi. Kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi mistari inaota meno kama msumeno. Picha ya rangi au yenye vivuli inataka nukta 300, yaani pikseli 1748 kwa 2480 kwa ukurasa wa A5. Mistari ya wino mtupu inataka 600 kwenda juu. Kukuza faili ndogo hakukuletei mstari mpya, kunakuletea ukungu. Kama faili kubwa za mwanzo zimepotea, skani karatasi ulizochorea, na kama nazo hazipo, chora upya.

Halafu kupanga. Utepe mrefu wa katuni ya simu haukatwi tu kila unapofika chini ya ukurasa. Ile nafasi tupu inayomchelewesha msomaji kwenye simu haina kazi kitabuni, ifute. Kisanduku cha mshtuko kikae juu ya ukurasa wa kushoto, ili msomaji akikute anapofunua. Kikiwa kulia, jicho limeshakiona tangu alipofungua kurasa hizo mbili. Herufi kwenye viputo zisishuke chini ya pointi 7.

Mtoto wa Ofseti
Naongezea ya kiwandani. Acha milimita 3 za ziada kila upande unaokatwa, kwa hiyo ukurasa unatengenezwa 154 kwa 216. Maneno yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukata, na upande wa mgongo ziwe 12 hadi 15, maana kitabu cha gundi hakilali wazi kama daftari. Kiputo kikiegemea mgongo, nusu ya sentensi inamezwa.

Nyeusi ndiyo inayoua wengi. Faili ya simu iko RGB, rangi za mwanga wa skrini. Ukiibadilisha kwenda CMYK, yaani wino nne za kuchapia, kwa mipangilio ya kawaida ya programu, nyeusi yako inagawanyika kwenye wino zote nne. Pleti moja (bamba la kuchapia, kila wino na lake) ikisogea hata robo milimita, kila herufi inapata kivuli cha bluu au chekundu. Maneno na mistari iwe nyeusi asilimia 100 kwenye wino mweusi peke yake, kwingine sifuri. Na ndani ukitaka nyeusi tupu, peleka faili ya rangi moja, usimwachie fundi wa kompyuta akubadilishie saa mbili usiku.

Kibonzo Mpya
Mkuu, kwa nini 128? Kazi yangu inaishia 120.

Mtoto wa Ofseti
Karatasi ya mashine, kubwa kidogo kuliko A2, inabeba kurasa 8 za A5 kila upande, ikikunjwa ni 16. Kwa hiyo 128 ni mikunjo 8 kamili, pande 16, pleti 16 kwa nyeusi tupu. Kurasa 120 ni mikunjo saba na nusu. Ile nusu ikipangwa vizuri inatumia pleti moja, jumla 15. Umeokoa pleti moja na karatasi kidogo, ukapoteza kurasa 8 ambazo ungejazia michoro ya awali na majina ya wachangiaji. Kosa baya ni 130: zile mbili za mwisho zinabandikwa peke yake, na ndizo za kwanza kuchomoka. Ukitaka rangi ndani, zidisha kwa nne: pleti 64. Ndiyo maana bei inaruka hivyo.

Chini ya nakala 200 au 300 usihangaike na ofseti (uchapaji wa pleti), nenda dijitali, isiyotumia pleti. Ukiomba bei, omba ya 300, 500 na 1,000 kwa pamoja. Gharama ya pleti ni ileile, kinachoongezeka ni karatasi na kumalizia (kukunja, kugundisha, kukata).

Hesabu_Kwanza
Upande wa fedha. Tarakimu za mfano tu: kiwanda kimesema shilingi 6,000 kwa nakala, mara 500 ni 3,000,000. Weka 300,000 za dami (nakala ya majaribio), bahasha na maboksi, na 300,000 za dharura. Jumla 3,600,000. Ukiuza 15,000, oda 240 zilizolipwa kabla zinachapa kitabu chote. Nauli ya kifurushi mteja alipe mbali. Usiibebe kwenye bei, kwa sababu wa Kinondoni na wa Kigoma hawafanani.

Mtego uko kwenye tarehe. Nukuu ya bei mara nyingi ina muda wake, pengine wiki mbili, na wewe unachangisha siku 30. Omba muda urefushwe kwa maandishi kabla hujatangaza. Na tangaza mapema: zisipofika 240, mnachapa chache dijitali kwa bei nyingine, au mnarudisha hela. Pokea kwa Lipa Namba, si namba yako binafsi, na kila oda iandikwe na namba ya muamala. Fulana usiahidi. Saizi tano za fulana ni mradi wa pili.

Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, haifunguliwi na mchoraji aliyeko Tanzania au Kenya. Anatakiwa mshirika anayeishi nchi inayoruhusiwa, mwenye akaunti ya benki huko. Ni lengo lote au sifuri (usipolifikisha hupati kitu), wanakata 5% pamoja na ada za malipo, na kodi inamwangukia mshirika. Makubaliano yaandikwe.

Bi Kurasa
ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Maktaba ya Taifa. Tarakimu 13; baada ya 978 utaona 9976, 9987 au 9912 kwa Tanzania, 9966 au 9914 kwa Kenya. Nakala za amana ya kisheria (zile ambazo sheria inataka ukabidhi maktaba) zitoe kwenye hesabu ya mauzo. Msimbo wa mistari uwe mweusi juu ya nyeupe, kamwe usiwe mwekundu, kwani taa ya skana ni nyekundu na haitauona.

Mpeleka Vifurushi
Uzito: kwa bondi (karatasi ya kawaida ya ndani) ya gramu 100 kwa mita ya mraba na jalada la 250, nakala moja ni gramu 215 hivi, 500 ni zaidi ya kilo 105. Boksi moja nakala 50, lisizidi hapo, makuli hawabembelezi.

Siku ya kupokea usihesabu maboksi ukasaini. Toa nakala moja kila boksi, fungua kurasa za 17, 33, 49, 65, 81, 97 na 113. Hapo ndipo kila mkunjo mpya unapoanza, na mkunjo ukirudiwa au kurukwa utauona papo hapo. Kisha kikunje katikati kwa nguvu: gundi ikilia na ukurasa ukatoka, mgongo haukukwaruzwa vya kutosha kabla ya gundi. Jalada likijikunja lenyewe kama chapati, nyuzi za karatasi zimelala kinyume na mgongo. Yote mawili ni ya kiwanda kurekebisha, ilimradi salio la malipo bado liko mfukoni mwako.