Ilani ya kutoendeleza kiwanja: ni kutwaliwa au kufutiwa miliki?

Mkazi_Goba: Wakuu, kiwanja kina hati, kiko Goba, Dar es Salaam, hakijajengwa. Imekuja ilani ya kukiuka masharti ya uendelezaji. Jirani anasema kinatwaliwa, nimsubiri mthamini wa fidia. Ni kweli?

Mdau_Ardhi: Hapana mkuu, usimsubiri mthamini. Kutwaliwa ni pale serikali inapotaka eneo kwa manufaa ya umma, barabara au shule, nawe hujakosa chochote. Hiyo yako ni njia ya kufutiwa miliki kwa kosa, chini ya Sheria ya Ardhi, Sura 113. Ukifutiwa unalipwa maendelezo tu (yaani ulichojenga au kuboresha hapo) yaliyofuata masharti ya hati, tena baada ya kukatwa madeni ya kodi. Pori halina maendelezo, kwa hiyo unaweza kutoka mikono mitupu.

Ilani inakutaka ujieleze. Jibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, ambatisha risiti za kodi ya pango la ardhi na kibali cha ujenzi kama kipo, kisha omba muda mahsusi wa kujenga. Nakala yako igongwe muhuri wa masjala. Hapa ndipo watu wanapoumia: wanaongea na afisa kwa mdomo, faili linabaki tupu, na Kamishna wa Ardhi anampelekea Rais pendekezo la kufuta. Mwenye mamlaka ya kufuta ni Rais, si mtaa wala halmashauri.

Fidia_Kwanza: Naongeza upande wa kutwaliwa, maana jirani atauliza. Fidia ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, pamoja na posho ya usumbufu. Kama unaishi hapo, kuna posho ya makazi, yaani kodi ya nyumba kwa mwezi mara 36, na usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Kiwanja kitupu hakipati hizo mbili. Malipo yakipita miezi 6 tangu uthamini, dai riba.

Mama_Kimara: Na benki je? Mkopo umekwama, nyumba imewekwa rehani.

Mdau_Ardhi: Huko ni kuuziwa dhamana, dada. Benki lazima ikupe notisi ya siku 60 kwanza, na mnada utangazwe siku 14 kabla. Kama ni nyumba ya ndoa, angalia ridhaa ya mwenzi kwenye mkataba. Bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, una hoja nzito mahakamani.

Fidia_Kwanza: Mkazi_Goba, ukifika hatua ya kuishtaki serikali, toa kwanza notisi ya siku 90, na mwunganishe Mwanasheria Mkuu kwenye kesi. Shauri linaenda Mahakama Kuu, si Baraza la Ardhi.