Mrejesho: Prado imevuka maji ya chumvi Msimbati

Wakuu, niliwauliza namna ya kuvuka na Prado njia ya ufukweni Msimbati, Mtwara, pale bahari inapoifunika. Ahsanteni sana. Nimemfuata aliyesema niogope bamvua (siku za maji makubwa), maji yakirudi yanakuja kwa kasi. Nikangoja maji mafu (siku za maji madogo), yakapwa. Nilitangulia kwa miguu na fimbo: maji magotini, chini mchanga mgumu. Nikaweka lo (gia nzito za 4x4), gia ya pili, mwendo wa pole bila kugusa klachi, kiwimbi kikitangulia mbele ya bampa. Injini haikukohoa hata mara moja.

Kilichonishinda ni difu ya nyuma (kasha la gia kati ya magurudumu). Mliniambia niinue mpira wake wa kupumulia ili maji yasiingie, sikufanya. Kesho yake oili ilitoka kama chai ya maziwa, yaani maji yameingia. Nimemwaga, nimeweka mpya, na chini nimeosha kwa maji yasiyo na chumvi mara mbili.