Mwanangu kapewa kazi ya skuli kuhusu Mzee Karume, na nyumbani kwetu tuna babu wawili

Mshonaji wa Wete

Assalaam alaykum. Nauliza hapa kwa sababu barzani kwetu suala hili halimalizi kikombe kimoja cha kahawa, watu washanuniana.

Mwanangu wa darasa la sita karudi na kazi ya skuli: "Eleza mchango wa Marehemu Mzee Abeid Amani Karume kwa Zanzibar." Tarehe 7 Aprili, siku aliyouliwa, imekaribia, na kila ikikaribia watoto hupewa kazi kama hii. Kaifanya kwa moyo wake wote. Kachukua sarafu ya mia tano, kaiweka chini ya karatasi na kusugua penseli juu yake mpaka sura ya Mzee ikatokea polepole. Chini yake kaandika: kazaliwa 1905, alikuwa baharia, akaongoza chama cha Afro-Shirazi, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, elimu bure, matibabu bure, eka tatu tatu kwa wakulima, majumba ya maendeleo. Akanisomea nami nipo cherehani. Ni kweli yote, sina hata moja la kumfutia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkekani anachagua mchele kwenye ungo. Mkono ukasita. Akasema, bila ya kumtazama mtu, "Na mchele aandike." Kisha akaendelea kutoa chuya.

Naomba niwaeleze nyumba yetu ilivyo, maana bila ya hilo hamtanielewa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkaazi tu katika shamba la mtu. Alilima muhogo chini ya mikarafuu isiyokuwa yake, na msimu ukifika alichuma kwa ujira, pishi kwa pishi. Ardhi ilipotaifishwa 1964 kisha ikagawiwa, alipata eka tatu. Karatasi yake mpaka leo imo ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na punje za karafuu zilizowekwa ili wadudu wasiile. Kila mwaka baba huutoa mkebe, akazibadilisha punje, akaufunga. Mikarafuu ile ndiyo iliyomsomesha yeye, na ndiyo iliyoninunulia cherehani ninayoendeshea maisha. Siku ilipokuja khabari kuwa Mzee Karume kauliwa pale Kisiwandui, mwaka 1972, babu alilia mpaka sauti ikamkauka. Baba anasema hakumuona akilia kabla ya siku ile wala baada yake.

Babu mzaa mama alikuwa Hizbu, chama kilichopinduliwa 1964, na hakuficha. Alikuwa na kiduka cha mafuta ya taa na sukari. Baada ya Mapinduzi vijana walikuja na gari, wakamtoa dukani, akalazwa chini mbele ya majirani na kuchapwa. Sisi Wapemba wakati ule tunauita kwa jina lake, wakati wa bakora. Yeye mwenyewe hakutuhadithia hata siku moja, bibi ndiye aliyetwambia baada ya kumzika. Ninachokumbuka mie ni kwamba hakukubali kukaa na mgongo wake umeelekea mlangoni. Hata kwenye futari, nyumba imejaa wageni, watu walikuwa wakihama ili apate nafasi ya kuuona mlango.

Na mchele ni hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele wa kutoka nje ulizuiliwa, watu wakatakiwa wale wanacholima. Bibi alikuwa na watoto wanne. Alikuwa akitoka alfajiri kupanga foleni na mama yangu mgongoni, na mara nyingi alirudi na kikapu kitupu. Watoto wakala muhogo usio na nazi.

Sasa nimwambie nini mtoto? Akiipeleka kama ilivyo, ameandika kweli, lakini bibi yake kaambiwa kuwa maisha yake hayakutokea. Nikimwambia aongeze, nachelea skuli aonekane ni mtoto wa watu wasioipenda nchi. Na mie naipenda nchi hii. Sijui pahala pengine pa kuzikwa ila hapa. Mtu anafundishwaje uzalendo bila ya kutakiwa achague babu?

Mtoto wa Michenzani

Waalaykum salaam dada yangu. Nakuheshimu, na babu yako Mungu amrehemu. Lakini kila ikifika Aprili lazima pawe na mtu wa kutafuta doa kwenye kanzu ya Mzee, na mie nimechoka.

Mie nimezaliwa Michenzani, kwenye majumba ya maendeleo ya mjini Unguja, ghorofa ya tatu. Mama yangu alizaliwa Ng'ambo hapohapo chini, katika nyumba ya udongo ambayo mvua ya masika ikinyesha walikuwa wakilala wamekaa. Ilivunjwa kupisha majumba, nao wakapewa fleti. Anasema siku ya kwanza alifungua mfereji jikoni akasimama kutazama maji yanavyotoka, akaufunga, akaufungua tena, mpaka bibi akamgombeza. Kabla ya hapo alikuwa akiyabeba kichwani. Skuli kaingia baada ya elimu kufanywa bure, na yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuandika jina lake.

Na musisahau kwa nini Mapinduzi yalikuja. Uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, ikapewa viti 13 kati ya 31. Hizbu na chama kidogo cha ZPPP wakaungana wakaunda serikali. Wengi walipiga kura, wachache wakatawala. Mtu anayemsomesha mtoto bakora bila ya kumsomesha hesabu hiyo anampotosha. Mzazi mzalendo hampi mwanawe sumu juu ya muasisi wa nchi yake. Mwache mtoto aandike alivyoandika.

Mkaa Mbali

Ndugu wa Michenzani, hesabu yako ni sahihi na sikupingi. Lakini endelea kuhesabu. Tarehe 10 Disemba 1963 Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, Mapinduzi. Katika siku zile waliuliwa maelfu ya watu, na wengi wao hawakuwa mawaziri wala masultani. Walikuwa wauza halua, wenye viduka, wanawake majumbani. Wazee wangu waliondoka na jahazi, na mie nimezaliwa Muscat.

Nazungumza Kiswahili na wanangu. Nyumbani kwangu hula boko boko siku ya Idi na urojo siku ya Ijumaa. Lakini kila nikija Unguja likizo na kusema "kwetu", yupo atakayenitazama usoni na pua yangu kwanza ndipo aamue kama naruhusiwa kulisema neno hilo. Uzalendo unaopimwa kwa pua ya mtu sijui niuite jina gani. Dada, mwambie mtoto aandike.

Mtoto wa Michenzani

Kaka, na mama yangu walimpima kwa pua vilevile, kabla ya 1964. Tusifanye kama mambo hayo yalianza na sisi.

Maalim Mstaafu

Nimesomesha historia na uraia miaka mingi, Unguja na Pemba, na kazi kama hiyo ya mwanao nimeisahihisha mara nyingi mno. Nitamjibu dada, kisha nitasema na nyinyi wawili.

Dada, katika hii kazi pana mambo mawili yaliyofungwa kitita kimoja. Kuna kupenda nchi, na kuna kumpenda mtu aliyeiongoza. Tukishazoea kuyafunga pamoja, anayemkosoa kiongozi anahesabiwa kuwa kaikana nchi. Hapo ndipo kosa lilipo, na halikuwakuta watu wa Hizbu peke yao. Kijana wa Michenzani, wewe unaijua Afro-Shirazi. Basi mtazame Abdulla Kassim Hanga. Hakuwa Hizbu. Alikuwa Afro-Shirazi khasa, msomi, na Mapinduzi yalipofanikiwa akawa mtu wa pili baada ya Mzee Karume katika serikali. Othman Shariff naye ni Afro-Shirazi wa tangu mwanzo, akawa hadi balozi wa Tanzania nchini Marekani. Mwaka 1969 walirudishwa Zanzibar kutoka bara wakiwa wamekamatwa, na hawakuonekana tena. Hawana kaburi ambalo mtoto wao anaweza kwenda kulisomea Yasini. Ukisema kila anayetaja mambo haya anatafuta doa kwenye kanzu ya Mzee, basi na watoto wa Afro-Shirazi wenyewe utawafunga midomo.

Na ile kura ya 1963 unayoililia, nami naililia. Watu walidhulumiwa viti. Lakini baada yake Wazanzibari hawakupiga kura ya kujichagulia Baraza lao mpaka 1980, wakati wa Mzee Jumbe, rais aliyemfuatia Karume. Miaka 17. Ikiwa dhulma ilikuwa ni kura kutohesabiwa sawa, kutokuwepo kura kabisa hakukuwa dawa yake.

Kwa mkaa mbali, nawe usipite haraka kwenye eka tatu. Mie nimekulia katika kambi ya karafuu na mama yangu alikuwa kibarua. Mkarafuu mrefu mwanamke hapandi, basi alikuwa akikaa chini kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka kucha zinageuka nyeusi na kunuka karafuu mwaka mzima, na jioni mwenye shamba ndiye aliyekuwa akipima pishi kwa mkono wake. Akikung'uta pishi ili karafuu zishindilie, huna wa kumshitakia. Mtu aliyekuja kumwambia mama yangu "mti huu ni wako" hawezi kuwa mtu mdogo machoni mwangu, na sitamruhusu mtu amfanye mdogo. Mie nasema hivi huku najua yaliyompata Hanga. Nimeishi na yote mawili kifuani tokea ujana wangu.

Na jambo la mwisho, maana nashukuru nimelikuta kwa umri huu. Tarehe 5 Novemba 2009, aliyekaa na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, Ikulu wakazungumza ni Amani Karume, rais wetu wakati ule na mtoto wa Mzee mwenyewe. Marehemu Maalim Seif alikuwa mtu wa Mtambwe, unapaona kutoka Wete. Julai ya 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 tukasema ndiyo, iwepo serikali ya umoja wa kitaifa. Mtoto wa Karume hakuambiwa si mzalendo kwa kukubali kuwa pana watu walioumia. Sembuse mjukuu wa mwenye kiduka cha sukari?

Mwache mwanao aandike alivyoandika, na chini yake aandike aliyoyasikia kwa bibi yake, na aseme ni bibi yangu kaniambia. Mwalimu wa kweli ataijua thamani yake.

Mtoto wa Michenzani

Maalim, ya Hanga nilikuwa nayasikia kwa kunong'onezwa tu. Nimekaa kimya siku mbili.

Msimamo wangu juu ya Mzee haujabadilika, na hautabadilika kwa sababu ya maneno ya mtandaoni. Lakini jana nimemsomea mama haya ya bibi wa Wete na mchele. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza, "Kwani nani kakwambia foleni ilikuwa Pemba tu?" Akanihadithia kuwa na wao, wakiwa tayari kwenye fleti mpya, mfereji unatoka maji, chungu hakina cha kutia. Alikuwa akipanga foleni kwa kuweka jiwe lake mstarini ili aende skuli, akirudi analitafuta jiwe lake. Miaka hamsini nakaa naye na hakunambia, kwa sababu na mie sikumuuliza.

Dada, mpe bibi yako salamu kutoka kwa mama yangu.

Mshonaji wa Wete

Salamu zimefika. Bibi kauliza jiwe la mama yako lilikuwa na alama gani, maana la kwake alilifunga kitambaa chekundu.

Nimefanya kama alivyosema Maalim. Nilimkalisha mtoto mkekani pembeni ya bibi, nikarudi cherehani nikajifanya nashona. Bibi alizungumza kidogokidogo, mtoto akaandika. Kuhusu bakora hakusema mengi, kasema tu "babu yako alipigwa na hakuwa mwizi," na akamtaka aliandike hivyohivyo, asiongeze. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Andika na karatasi ya eka tatu. Yule mzee naye alikuwa mtu mwema, alituletea muhogo." Miaka yote hii sikujua kuwa muhogo ule waliokula mama yangu na ndugu zake ulitoka katika shamba la babu mzaa baba, kabla ya baba na mama kujuana.

Baba nilipompigia simu kumuuliza, alinyamaza, halafu akasema na yeye ndiyo anasikia leo.

Daftari limerudi leo. Mwalimu kaweka vema kila pahala, na pembeni ya ule mstari wa mchele kaandika kwa kalamu nyekundu: "Muulize bibi, foleni ilikuwa wapi hapa Wete?" Nimemsomea. Kaniagiza nimtolee buibui lake, anasema kwa mdomo hawezi kueleza, mpaka apaoneshe. Mtoto keshavaa viatu, yupo mlangoni anamngoja.