Mjadala: Bei ya chini kwa tani, Dar hadi Lubumbashi, itamwokoa mwenye lori?

Wakuu, habari za majukumu.

Wenzetu wengi wenye malori mawili matatu wanataka serikali ipange bei ya chini ya kubeba mzigo wa Kongo, kama LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inavyopanga nauli za mabasi. Wanasema madalali wanatugombanisha: ukikataa bei, nyuma yako yupo atakayekubali pungufu. Hilo ni kweli kabisa. Ila mimi napinga.

Safari iliyopita semi yangu ilipeleka salfa. Bei haikuwa mbaya. Tunduma, mpakani na Zambia, tukapoteza siku nne; Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, tisa. Asubuhi dereva ananipigia: "Tajiri, tangu jana tumesogea malori matatu." Posho yake inakwenda, rejesho la benki linakwenda, tela limesimama. Mpaka anashusha, faida yote imeliwa na foleni. Bei ya chini ingenisaidia nini hapo?

Halafu mwenye shaba kule Kolwezi, kwenye migodi ya Kongo, hajafungwa kwetu. Ana bandari za Durban, Beira na Walvis Bay, na sasa reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, inamwita. Dar ikipanda kwa amri, anahama, na shaba ndiyo mzigo wetu wa kurudi. Ukiiona juu ya tela ni mafurushi machache ya mabamba, utadhani gari halijajaa, kumbe uzito umetimia. Ukiikosa, unarudi tupu karibu kilomita 2,000 kwa dizeli yako mwenyewe.

Ninachotaka ni siku za kusubiri ziandikwe kwenye mkataba. Tuseme tatu mpakani na mbili za kushusha. Zikizidi, mwenye mzigo alipe kwa siku. Kontena likichelewa kurudi, kampuni ya meli inatoza. Kwa nini lori lililobeba kontena hilohilo lisubiri bure? Na bei ya safari ifuate dizeli, maana EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei mpya ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wakati mikataba yetu inabaki palepale.

Najua mwenye mzigo atasema foleni ya mpakani si kosa lake. Sawa, lakini la dereva ni lipi? Mawakala wa forodha mliopo hapa, nyaraka zikichelewa gari likiwa tayari mpakani, nani anapaswa kulipa siku hizo? Na madereva, mnalipwa chochote mkilala foleni zaidi ya wiki?